Figo Katika Korido ya Kariakoo

Mwalimu wetu wa sayansi amefariki. Habari zote za dunia hunikuta barazani, na hii pia ilinikuta hapo, nimenyoosha miguu, kikombe cha kahawa mkononi, nikiwatazama wapita njia wanaokwenda sokoni kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma. Mama mwenye nyumba alitoka ndani amejiziba mdomo kwa kanga. "Bwana wee," akaniambia, "jirani yako ametutoka hospitali alfajiri hii." Kisha akarudi ndani upesi, maana alijua kwamba mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Mwalimu na mimi tulikuwa tumepanga vyumba vya ukuta mmoja. Nilikuwa nikimsikia akikohoa, akicheka peke yake, akisukuma viti. Asubuhi ile nilirudi chumbani nikakaa kitandani kuusikiliza ule ukuta, na ukuta haukuwa na neno.

Tulimzika kesho yake. Yeye alitoka kusini, pande za Lindi, hakuwa na ndugu wengi mjini, kwa hiyo sisi wapangaji ndio tuliokuwa ndugu. Kaburini, baada ya padre kumaliza, alisimama bwana mmoja mkubwa, amevaa suti nyeusi na tai, akatoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wake, rafiki yake na taa yake. Alisema nchi imepoteza hazina. Alipangusa macho kwa leso iliyopigwa pasi vizuri sana, na akina mama wasiomjua wakaanza kulia upya kwa ajili yake. Mimi sikulia. Nilikuwa nayatazama yale macho kwa karibu, na kama kuna chozi lililotoka basi lilikuwa na haya, halikujionyesha. Wasomaji wangu mnanijua: ni mtu mvivu wa kugombana, kwa sababu ugomvi huhitaji kutoka nje. Lakini niliporudi nyumbani nilivua viatu, nikachukua kalamu, nikajiambia kwamba safu yangu ya wiki hii gazetini haitakuwa ya maombolezo. Kulia nimekwisha lia ndani ya mto wangu. Leo nalipiza kisasi.

Sitaji jina la mtu, ndiyo ada ya safu hii. Yule bwana wa leso nitamwita kwa jina alilopewa na Kariakoo yenyewe, Bwana Sukari. Jina hili alilipata kwa haki kabisa, na kabla sijamaliza mtaona hivyo. Miaka kadhaa iliyopita Mwalimu aliajiriwa kufundisha jioni katika chuo kimoja cha mjini. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa watu wenye digrii zao tayari, wachache sana kama mjuavyo, waliosoma ng'ambo au kule kwa majirani zetu, na sasa walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa juu wa elimu ya mwili wa binadamu. Ukiwa na mtihani ule mkononi, milango yote ilifunguka. Ukiukosa, digrii yako ulibaki nayo ukutani kama picha ya harusi. Na wengi waliukosa. Walikuwa wakikariri vitabu vinene kama matofali, wanavirudia neno kwa neno, na likija swali lililogeuzwa kidogo tu wanabaki mdomo wazi. Bwana Sukari alikuwa amekwisha shindwa, na kilichomwangusha ni figo.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kumwona mtu mzima akisinzia mbele ya jambo zuri. Kwake yeye figo lilikuwa jambo zuri. Basi jioni moja alikuja barazani akamwambia mama mwenye nyumba, "Mama, naomba korido yako Jumamosi."

"Ya nini? Una harusi?"

"Nina figo."

"Pole, baba. Umekwenda hospitali?"

Ilibidi aeleze. Nyumba yetu, kwa wasiojua, ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi hapa: baraza mbele, mlango mmoja mpana, korido ndefu iliyonyooka, vyumba kulia na kushoto, halafu uani, kwenye jiko, bomba na choo. "Watu wanadhani figo linatafuta uchafu katika damu, linauokota na kuutupa," Mwalimu alisema. "Si hivyo. Wewe, mama, ukisafisha nyumba kwa ajili ya Idi, unaingia chumbani kutafuta takataka moja moja?"

"Kwa nini nijisumbue? Natoa vyote nje. Kisha narudisha ninavyovitaka. Vinavyobaki, takataka."

"Umelimaliza figo, mama. Wasomi wangu wana mwaka wa pili hawajafika hapo."

Mama akamtazama kwa huruma, si kwa ajili ya figo bali kwa ajili ya wasomi.

Jumamosi ile mchana walikuja, wamevaa mashati meupe, wameshika madaftari. Alikuwemo kijana wa Kihindi, mtoto wa muuza vitambaa, mwenye digrii ya Bombei, mpole, anayecheka kwa mabega. Alikuwemo Bwana Sukari, ambaye aliingia akitazama chini asije akakanyaga kuku. Mwalimu aligawa kazi. Baraza lilikuwa mshipa wa damu. Mlango ulikuwa chujio, na chujio ni mama mwenye nyumba, aliyewekewa kigoda pale pale na kuamriwa apitishe vitu vidogo tu, vikubwa vibaki nje. Wapangaji walisimama kwenye milango ya vyumba vyao kando ya korido: kazi yao ilikuwa kumkamata kila apitaye mwenye thamani na kumvuta ndani, yaani kumrudisha katika damu. Atakayekosa kukamatwa angetoka uani, na uani, jamani, mnajua tulikusudia nini. Wanafunzi wenyewe walikuwa sukari, chumvi na maji. Yule Mhindi alipewa chumvi.

"Na mimi?" nikauliza, kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale pale na hakuna aliyeniomba niondoke.

Mwalimu akanipima kwa macho. "Wewe ni protini. Protini ni kubwa, haipiti kwenye chujio. Kazi yako ni kukaa barazani usiingie wala usitoke."

Sijapata kupewa kazi iliyonifaa kama ile, wala sitapata. Mke wa fundi wa reli wa karakana ya Gerezani, aliyekuwa mlango wa pili kushoto, alisema Mwalimu hajanipa kazi, amenipa cheti cha kuzaliwa.

Mchezo ukaanza pole pole. Sukari wawili wakaingia, wakakamatwa. Chumvi akaingia, akavutwa na mikono miwili kwa pamoja nusura shati lichanike. "Mnaona?" Mwalimu alipiga kelele kutoka uani. "Uani hakuna sukari! Mwili una akili! Sasa tuseme mwenye mwili huu ameugua, sukari imejaa katika damu. Wote mwingie kwa pamoja!" Sukari wote wakasukumana mlangoni. Wapangaji wakashika, wakashika, mikono ikajaa. Fundi wa reli alikuwa na mmoja kwapani na mwingine ameshikwa mkanda. Mke wake alikuwa amekumbatia daktari mtarajiwa huku akisema, "Mume wangu, usinitazame, nafanya kazi ya Serikali." Bwana Sukari alikuwa wa mwisho. Alitembea kwa heshima zake akitazama kulia na kushoto ni nani atakayemvuta, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kumvuta. Akapita milango yote, akafika mwisho, akajikwaa kwenye kizingiti na kutokea uani mzima mzima, mbele ya akina mama waliokuwa wakiosha vyombo, goti moja ndani ya karai.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika bandarini. Lakini nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kisasi changu. Bwana Sukari hakukasirika wakati ule. Alibaki amepiga goti katika maji ya vyombo, macho yamemtoka, akasema kwa sauti ya mtoto, "Mikono yao imejaa! Kumbe si kwamba figo limeharibika. Mikono ina kikomo, sukari imezidi mikono!" Akainuka, suruali inachuruzika, akarudi mbio korido nzima hadi barazani kwangu mimi protini, akanishika mabega akanitikisa. "Umeona, bwana? Ndiyo maana sukari inatokea kwenye mkojo! Mwaka mzima nimelikariri lile, sikulijua!" Mwalimu alikuwa amesimama uani. Hakucheka. Alikuwa amefumba macho kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Sijapata kumwona mwanadamu mwenye furaha kama ile, na nimehudhuria harusi nyingi, zile ambazo zilifanyika mtaani kwetu.

Mtihani ulipokuja, Bwana Sukari alipasi. Lakini Kariakoo haina haraka ya kusahau. Muuza ndizi wa sokoni, ambaye siku ile alikuwa miongoni mwa waliochungulia kutoka barabarani, alikuwa kila akimwona anapaza sauti, "Bwana Sukari! Leo umekamatwa au umetoka uani?" Na wachukuzi wanaitikia, "Kwenye karai!" Mtu mwingine angecheka, angenunua ndizi zake, mchezo ukaisha kwa wiki moja. Yeye alianza kupita njia ya mbali. Alianza kutuma watu wamnunulie vitu. Alimjia Mwalimu pale nyumbani, hakukaa, akasema, "Mwalimu, michezo ile ikome. Sisi si watoto. Watu wananiita majina." Mwalimu akamjibu, "Wananiita mimi pia. Wananiita Bwana Figo. Kaa unywe chai." Hakukaa. Wiki chache baadaye tukasikia chuo kimeunda kamati ya kumchunguza Mwalimu kwa kuwadhalilisha watu wenye digrii.

Mimi niliitwa kuwa shahidi. Nilitoka nyumbani, wasomaji wangu! Nilikwenda hadi mjini, nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nimevaa koti la marehemu baba yangu, na jirani zangu walitoka nje kunitazama nikiondoka kama meli. Mkutano ulikuwa kwa Kiingereza, nami nawatafsirieni kwa msaada wa Kiingereza changu cha sekondari, kile nilichofundishwa kwa fimbo na ambacho mpaka leo nikikizungumza mgongo unawasha. Mwenyekiti, Mzungu mpole mwenye miwani, aliniuliza, "Katika mchezo huo wewe ulikuwa nani?"

"Protini, bwana."

Akavua miwani. "Na ulifanya nini?"

"Nilikaa, bwana."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka leo, bwana."

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko, lakini mwenyekiti hakuona la kuchekesha, na kwa kweli mimi pia sikuwa natania. Kisha akaitwa Bwana Sukari. Aliulizwa kama alijifunza lolote katika korido ile. Mwalimu alikuwa ameketi mbele yake, karibu kama nilivyo mimi na wino huu. Kazi yake ilikuwa mikononi mwa kijana huyu, na wote wawili walijua. Bwana Sukari akanyoosha tai. "Hapana," akasema. "Nilichojua nilikisoma vitabuni. Pale nilijifunza aibu tu."

Mwenyekiti akamuuliza Mwalimu kama ana la kusema. Mwalimu akasema ana swali moja kwa shahidi. "Sukari ikizidi katika damu, kwa nini inatoka kwenye mkojo?"

Bwana Sukari akajibu vizuri sana. Alijibu bila kusita, kwa Kiingereza safi, na alipofika mahali pa kueleza jinsi sukari inavyozidi uwezo wa figo, mikono yake miwili ikainuka yenyewe. Ikajikunja mbele ya kifua, kwapa zimebana, vidole vimeshika hewa, sawasawa na mke wa fundi wa reli alivyosimama mlangoni pake akiwa hana tena nafasi ya kumshika mtu. Hakuna kitabu duniani kilichomfundisha mkao ule. Nilimwona Mwalimu anauona, na Mwalimu akaniona ninauona. Wajumbe walikuwa wanaandika. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Jibu zuri," akasema. "Hilo latosha kuonyesha kwamba kwa mwanafunzi makini vitabu vinatosha." Mwalimu akafukuzwa kazi siku ile. Mwaka uliofuata nafasi yake akapewa nani? Msijisumbue. Akapewa mwenye jibu zuri.

Tulirudi pamoja kwa miguu, Mwalimu na mimi. Nilikuwa nimejaa matusi hadi kooni. Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukuwaonyesha mikono yake?" Akasema, "Kwa sababu ameelewa. Ningemwaibisha mbele za watu kwa kuelewa, asingetaka kuelewa tena." Haya ni maneno ya mtu mwema, na nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba mimi si mtu mwema na wala sina mpango. Akacheka. "Wewe protini," akasema, "subiri angalau nife." Basi, Mwalimu, nimesubiri.

Nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi, na nafasi ya kufikiri ninayo kuliko wengi. Siku hizi kila baraza la mji huu linazungumzia kujitawala, na mimi nafurahi kama mwingine yeyote. Lakini naona tuna mtawala mmoja ambaye hakuna anayemwandalia mkutano wa hadhara: ni ile imani kwamba elimu isiyouma si elimu. Tulifundishwa kwa kuchapwa, tukakariri kwa hofu, tukapasi kwa jasho, na sasa tukimwona mtu amejifunza kwa kucheka tunahisi ameiba. Tunataka naye aumie kwanza. Tai tumeivaa ili ionekane kwamba tumenyongwa kidogo. Mwalimu alikuwa akisema kwamba jambo likiwa gumu kweli, kama figo, kama moyo, kama zile chembe ndogo ambazo macho hayazioni, ndipo mtu mzima anapohitaji mchezo zaidi ya mtoto, kwa sababu mtoto hana haya ya kusema sijui, na mtu mwenye digrii anayo. Mchezo unampa ruhusa ya kutojua kwa saa moja. Bwana Sukari aliichukua ruhusa ile, akaitumia, akapanda nayo ngazi, kisha akaivuta ngazi juu ili mwingine asipande.

Nasikia darasani kwake ni kimya. Nasikia anasoma kutoka kwenye kitabu, ameinamisha kichwa, na watu wazima wanaandika neno kwa neno kama makarani wa mahakama. Nasikia aliwahi kumfukuza mmoja kwa kutabasamu. Wanaoniambia haya ni wanafunzi wake mwenyewe, na hapa, Bwana Sukari, najua unaisoma safu hii, kwa maana walioguswa huwa hawaachi kusoma, hapa sogeza taa karibu. Unajiuliza wanafunzi wako wananiambia wapi, na mimi sitoki nyumbani? Wananiambia nyumbani. Mwalimu alipofukuzwa hakuacha kufundisha hata Jumamosi moja. Walianza kuja wawili, wakaja na wenzao, wote wanafunzi wako, wenye digrii zao, wanavua tai pale kwenye duka la kona na kuzitia mfukoni kabla ya kufika. Kifua kilipombana Mwalimu asiweze tena kupiga kelele, alifundisha kwa kunong'ona na mama mwenye nyumba akapiga kelele kwa niaba yake. Ulipokuwa unatoa hotuba kaburini, ukimwita taa yako, darasa lako lilikuwa limesimama nyuma yako likinitazama mimi. Tulikuwa tunajizuia tusicheke.

Jumamosi baada ya mazishi nilidhani hatakuja mtu. Nikaketi mahali pangu. Mchana akaja yule kijana wa Kihindi, ambaye sasa ni bwana mtu mzima, ameacha duka mikononi mwa nduguye. Mama mwenye nyumba alikuwa amemkaangia mihogo katika mafuta mapya yasiyoguswa na samaki, kwa kuwa yeye hali nyama wala samaki, kama alivyomfanyia siku zote, maana yake ni kwamba alijua atakuja. Hakula kwanza. Alisimama katikati ya korido, akafumba macho kidogo, akamgeukia mama.

"Mama, leo nataka moyo. Vyumba vinne tunavyo?"

"Vipo sita."

"Funga viwili."

Nyuma yake wakaingia wale wengine, mmoja mmoja, na wa mwisho alileta wageni wawili ambao hata mimi sikuwajua.

Hiki ndicho kisasi chenyewe, na nimeona kwamba hakuna kingine kinachofaa kulipwa kwa mtu aliyezima darasa: liendelee, tena lijae. Mengine yote niliyoandika hapo juu, goti, karai na leso ya pasi, hayo nimeongeza kwa tamaa yangu, na Mwalimu angenikemea. Bwana Sukari, majina ya wanafunzi wako sitakupa. Wala usihangaike kuwachunguza nani anakuja Kariakoo na nani haji. Ngoja matokeo ya mtihani yabandikwe, uyasome kuanzia juu.